Shofere, muzigo wako umetoka wapi?

Ndugu musomaji, kama unaikala Kolwezi, Likasi, Lubumbashi ao Kasumbalesa, unayajua makamiyo yale. Yanapita muchana na usiku, bashi imefungwa nguvu, plombu ya duane nyuma. Mengine yanabeba mabamba ya mukuba, mengine mifuko mikubwa ya kobalti. Yanaenda Durban, Dar es Salaam, Beira, Walvis Bay. Katika jamaa zetu ni nani asiye na baba, kaka ao jirani anayekamata usukani? Watoto wanakula na wanasoma kwa sababu ya usukani ule.

Lakini kuko ulizo moja ambalo mashofere wanazungumza wao kwa wao kwenye parking, wakingojea zamu yao ku mupaka, na ambalo halifiki nyumbani mara nyingi. Ni hili: nifanye nini kama karatasi inasema muzigo umetoka fasi moja, na mimi mwenyewe niliupakia fasi ingine? Mwezi huu tunataka kulizungumza wazi, kwani si jambo la shofere peke yake. Linagusa nyumba yake, kijiji chake, na hata watoto ambao hawajazaliwa.

NAMNA JAMBO LENYEWE LINAFANYIKA

Muchanga unatoka katika shimo kwa mikono ya wachimbaji wadogo, wale tunaoita kreseri. Unasafishwa, unatiwa katika gunia, unapelekwa kwa depo. Pale wanaupima kwa mizani na kwa kile kifaa wanachoita Metorex, ambacho kinaonyesha kiasi cha mukuba ao kobalti iliyo ndani. Mununuzi analipa, gunia linamwagwa juu ya magunia mengine. Tangu saa ile, hakuna mutu anayeweza kuonyesha kwa kidole: huu ni wa shimo hili, ule ni wa shimo lile. Kisha kiwanda kinaunua, kinachanganya na wake, kinaupika kwa asidi, na mufuko mweupe unatoka na jina la kiwanda.

Sheria inasema nini? Code minier ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inaomba kreseri afanye kazi katika eneo lililotengwa na serikali, awe na karte yake, na awe ndani ya koperative. Lakini maeneo yale ni machache, na mengi hayana muchanga muzuri. Basi wengi wanachimba katika konsesio za wengine. Muchanga ule hauna karatasi ya kweli. Kusudi uvuke mupaka, unapashwa kutafutiwa baba mwingine.

Kuna pia muzigo ulioibiwa kabisa: mabamba ya mukuba yaliyoshushwa usiku kutoka kamiyo ingine, ao kobalti iliyotoka kiwandani kupitia mulango wa nyuma. Jambo hili si la leo. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za mukuba kwa mwaka, ilifika karibu tani 30,000 mwaka 1994. Watu walikaa miezi bila mushahara, na nyaya, mukuba na kobalti zikaanza kuvuka kwenda Zambia na Afrika ya Kusini, zikiuzwa kule kwa majina mengine.

Kwa shofere, mambo yanakuja hivi. Anapakia kwenye depo na karatasi ya kwanza. Njiani simu inalia: simama kwenye parking fulani. Komisionere anafika na bahasha. Ndani kuna karatasi ya pili, jina lingine la mwenyi muzigo, fasi ingine ya kupakia. Anaambiwa: ile ya kwanza nirudishie, endesha.

SI KILA SIRI NI WIZI

Tuseme haki. Kuko mufanyabiashara anayeficha jina la muuzaji wake kwa sababu ya biashara tu. Anaogopa kwamba mununuzi akijua fasi alikonunua, kesho atamuruka na kwenda kununua mwenyewe. Hiyo ni desturi katika nchi nyingi za dunia, na si zambi. Kama muke anauza samaki sokoni na hapendi kuonyesha wapi anawapata kwa bei ndogo, hakuna atakayemushitaki.

Lakini angalia tofauti. Yeye anamuficha mununuzi wake, hamudanganyi mwenyi kulinda sheria. Duane inajua, OCC inajua, na karatasi iliyo katika mukono wa shofere inasema kweli. Siri ya biashara inafunga mulango mbele ya mushindani. Uongo unafunga mulango mbele ya kila mutu, hata mbele ya shofere anayeubeba. Basi ulizo la kujiuliza ni fupi: je, duane ikiniuliza, ninaweza kusema kweli yote bila kuogopa? Kama jibu ni hapana, haiko tena siri ya biashara.

MASHOFERE WANASEMA NINI

Ukiwasikiliza, utakuta sauti tatu.

Sauti ya kwanza inasema: kazi yangu ni usukani. Sikuchimba, sikununua, sikuandika. Duane ina wakubwa wake, OCC inapima, CEEC inatoa sheti. Wote wametia muhuri. Mimi ni nani wa kubisha? Neno hili si la upumbavu. Mukuba wa Likasi na mukuba wa Kolwezi unafanana. Hata mutaalamu akitazama mufuko uliofungwa hawezi kusema umetoka wapi. Namna gani shofere ajue?

Sauti ya pili inasema: tunajua, lakini tutakula nini? Mashofere wengi hawana kontra iliyoandikwa. Wanalipwa kwa safari. Kukataa safari moja ni kukosa feza ya masomo ya robo ya mwaka. Na tena, ukikataa leo, kesho ufunguo uko katika mukono wa mwingine. Kamiyo itaenda tu. Sauti hii tusiihukumu kwa haraka, sisi wenyi kukaa kwenye kiti nyumbani. Njaa ya watoto si mufano wa mahubiri.

Sauti ya tatu ni ya wale ambao barabara imewafundisha. Wengi ni wazee wa kazi, na wamoja wamekwisha kulala katika kasho. Hawa wanauliza mbele ya kuwasha moteri. Wanaandika. Wanakataa karatasi ya pili njiani. Wanasema: patroni anaweza kukasirika, lakini patroni hatalala pamoja nawe katika kasho, na komisionere ataizima simu yake saa ileile polisi atakapokufungia.

Utaona kwamba sauti hizi tatu haziachani kabisa. Mara nyingi ni mutu mumoja, kwa miaka mbalimbali ya maisha yake.

MUTI WA MUKULA, MWAKA 2017

Kama unafikiri shofere asiyejua kitu hawezi kupata matata, kumbuka mambo ya mukula. Mukula ni ule muti mwekundu wa pori zetu za Haut-Katanga, ambao unaota pia ngambo, katika Zambia. China ilikuwa inautafuta sana. Zambia ilikataza biashara ya mukula wake. Lakini makamiyo yalikuwa yanapita kule na mukula ambao karatasi zake zilisema: Congo. Wakubwa wa Zambia wakauliza: je, ni kweli ulikatwa Congo, ao ulikatwa kwetu na kupewa karatasi za Congo? Muti hausemi lugha. Upande huu na upande ule, rangi ni ileile.

Mwanzoni mwa mwaka 2017, Zambia ikasimamisha mamia ya makamiyo. Mashofere wakakaa miezi kando ya mizigo yao, mbali na jamaa, mpaka serikali mbili zilipozungumza. Kati yao walikuwa wenyi karatasi za kweli na wenyi karatasi za uongo, na wote walilala chini ya bashi moja. Tangu mwaka 2019 muti ule umeandikwa katika orozha ya CITES, mapatano ya mataifa yanayolinda viumbe vinavyouzwa kutoka nchi hata nchi.

Fundisho ni hili: uongo wa muzigo mumoja unachafua karatasi za makamiyo yote. Mwenyi haki analipa pamoja na mwongo, kwa sababu duane haina njia ya kuwatenga.

NANI ANAIBIWA?

Wamoja wanasema: muchanga ni wa Mungu, ukitoka kijiji hiki ao kile, nani anaibiwa? Tuhesabu pamoja.

Kuko kodi inayoitwa redevance minière. Kwa mukuba ni 3.5%. Kwa kobalti, tangu ilipohesabiwa kuwa madini ya maana ya pekee mwisho wa mwaka 2018, ni 10%. Sheria ya 2018 inaigawanya hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provinsi, 15% kwa komine, sekta ao sheferi ambayo muchanga ulitoka katika udongo wake, na 10% kwa sanduku la vizazi vitakavyokuja.

Tufanye mufano. Tuseme kamiyo moja inabeba kobalti ya dola 300,000. Kodi yake ni dola 30,000. Katika hizo, dola 4,500 ni za sekta ile ambayo watu wake wanakunywa vumbi na wanaona mito yao ikigeuka rangi. Sasa karatasi ikisema muzigo umetoka fasi ingine, dola zile zinaenda fasi ingine, ao haziendi pahali popote. Kamiyo moja tu. Hesabu wewe mwenyewe makamiyo ya juma moja, kisha tazama masomo ya kijiji chako, kama yana madawati.

Si feza peke yake. Karatasi ya uongo inafuta watu. Tarehe 27/6/2019, udongo uliporomoka juu ya wachimbaji katika konsesio moja karibu na Kolwezi. Serikali ya provinsi ilihesabu wafu 43. Tarehe 15/11/2025, kule Kalando katika Lualaba, daraja la wachimbaji lilianguka na watu wasiopungua 32 wakafa. Muchanga unaotoka katika mashimo ya namna hii ukipewa jina la mine nzuri yenyi usalama, ni kama kusema wafu wale hawakukuwa. Na kama mutoto wa miaka 12 alibeba gunia lile, naye amefutwa.

Kishawishi kinaweza kuzidi. Tarehe 22/2/2025 serikali ilifunga njia ya kobalti kutoka inchini, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Tangu tarehe 16/10/2025 njia ilifunguliwa kwa kipimo: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile kwa 2027. Kila kampani ina kiasi chake. Unaelewa basi: yule ambaye kipimo chake kimeisha ana sababu ya kutafuta jina la mwenyi kipimo. Na jina lile la kuazima litasafiri katika kabine ya shofere.

MAWE YANAWEZA KUSEMA

Wazee wetu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Zamani muchanga ukichanganywa, mambo yamekwisha. Leo hapana. Kwa koltani, kasiteriti na wolframu, wataalamu wa mambo ya udongo wa Ujerumani wametengeneza njia ya kupima punje ndogo na kulinganisha na punje za mines zinazojulikana, sawa vile polisi anavyolinganisha alama za vidole. Katika Manono na Malemba-Nkulu, tangu mwaka 2011, magunia ya madini yale yanafungwa kwa kibandiko chenye namba. Ndiyo, vibandiko navyo vinauzwa kwa siri, kwani palipo na kufuli pako na mwizi. Lakini kila mwaka macho yanaongezeka.

Mufano mumoja tu. Watu wenyi silaha wa M23 walikamata Rubaya, katika Kivu ya Kaskazini, mwezi wa nne 2024. Mwisho wa mwaka ule, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba tani zisizopungua 150 za koltani zilivukishwa kwa udanganyifu mpaka Rwanda na kuchanganywa na koltani ya kule. Walioficha walifikiri hakuna anayehesabu. Kuko waliokuwa wanahesabu.

GUNIA LA BENYAMINI

Fungua Biblia yako, Mwanzo sura ya 44, usome polepole. Ndugu wa Yosefu wanatoka Misri asubuhi na magunia ya ngano juu ya punda. Hawajui kwamba ndani ya gunia la mudogo wao kuna kikombe cha feza ya mukubwa wa inchi. Hawakukitia wao. Ni musimamizi aliyekitia, kwa amri. Kisha musimamizi yuleyule anawafuata mbio, anapekua, akianza na muzaliwa wa kwanza mpaka wa mwisho. Na kikombe kinaonekana kwa Benyamini.

Shofere, wewe ni Benyamini. Uliyebeba ndiye unayekamatwa, hata kama mukono uliotia ni wa mwingine. Lakini tazama tena: katika habari ile kuko Yuda, kaka mukubwa, aliyesimama mbele na kusema atakaa mutumwa pahali pa mudogo wake. Wapi Yuda wa leo? Ninyi mapatroni wakristo, wenyi makamiyo mawili ao matatu, mnaokaa viti vya mbele kanisani: siku shofere wenu atakaposimamishwa, je, mutaenda kusimama mbele yake, ao mutazima simu?

SHOFERE AFANYE NINI?

Hatusemi: acheni kazi. Tunasema: musifunge macho. Mambo haya yanaweza kusaidia.

1. Mbele ya kutoka, soma lettre de voiture mpaka mwisho. Tazama jina la mwenyi kutuma, fasi ya kupakia, hesabu ya mifuko, uzito. Usitie sahihi juu ya fasi ambako hukufika.

2. Ujue haki yako. Inchi yetu iliingia OHADA tarehe 12/9/2012, na sheria ya OHADA juu ya kubeba mizigo kwa barabara inasema kwamba mwenyi kutuma analipa hasara yote ambayo maneno yake ya uongo juu ya muzigo yameletea musafirishaji na watumishi wake. Tena, anayepokea muzigo anaweza kuandika mashaka yake juu ya karatasi, ndiyo "réserves". Maneno machache tu yanatosha: mifuko imekwisha kufungwa, sikuona kilichomo.

3. Uwe na daftari. Andika siku, saa, fasi ya kupakia, namba ya plombu, namba ya tiketi ya mizani. Piga foto ya karatasi zote kwa simu, na utumie bibi yako ao mutu wa jamaa. Siku ya matata, daftari ni shahidi asiyesahau.

4. Karatasi ya pili njiani, ikatae kwa heshima. Sema: patroni aniandikie. Mara nyingi mutu mwenyi uongo hapendi kuandika.

5. Plombu ikikatwa ku bariere, omba procès-verbal. Usikubali plombu mpya bila karatasi.

6. Kama watu wana silaha ao ni usiku katika pori, usibishane. Maisha yako yanapita tani zote 30. Nyamaza, fika fasi ya watu, kisha useme kwa mwenyi haki, ao kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia.

Na wewe bibi wa shofere, kuko kazi yako. Bwana akirudi na feza kupita kawaida ya safari, usifurahi tu na kukimbia sokoni. Uulize kwa upole: papa, hii imetoka wapi? Na siku atakayorudi mikono mitupu kwa sababu alikataa, usimuchekeshe mbele ya watoto. Siku ile anahitaji chakula cha moto na neno zuri kupita siku zote. Wengi wameshindwa kusema hapana kwa komisionere kwa sababu waliogopa uso wa nyumbani.

Ninyi vijana munaotamani usukani: shofere si mikono na miguu tu. Ni mutu wa mwisho katika inchi yetu anayeona mali yetu mbele haijaenda baharini. Nyuma yake iko pori, shimo, kijiji. Mbele yake iko meli. Kama yeye naye akisema "sijui", hakuna mwingine wa kuulizwa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA AO KATIKA SHIRIKA

– Katika sauti tatu za mashofere, ni gani inayosikika zaidi katika mutaa wetu? Kwa sababu gani?

– Shirika letu linaweza kufanya nini kusaidia jamaa ya shofere aliyekosa safari kwa sababu alikataa uongo? Chakula cha juma moja? Feza ya masomo ya mwezi?

– Tunajua kiasi gani cha redevance kimefika katika komine ao sekta yetu mwaka uliopita? Nani kati yetu atakwenda kuuliza?